Skrini Nyeusi na Mbuzi wa Liboi

Nilikuwa karani katika ofisi moja mjini Garissa iliyowaandikia wafugaji vibali vya kusafirisha mifugo. Kwa wiki nzima mkuu wetu alikuwa akiwarudisha watu kwa maneno yale yale: mtandao hakuna, njooni kesho. Sisi makarani tuliinamisha vichwa.

Asubuhi moja akarudi mama mfanyabiashara kutoka Liboi. Mbuzi wake walikuwa nje, wamebanana kwenye lori juani, wakisubiri karatasi moja tu waendelee na safari.

"Jana umesema kesho," alimwambia mkuu. "Kesho ndiyo leo. Mbuzi yangu iko na kiu."

"Mtandao hakuna, mama," mkuu akajibu, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Mama alinigeukia. "Kombyuta ikilala, mimi nafanya nini?"

"Ngoja kidogo, eeddo," nikamwambia. Ndivyo kwetu tunavyomwita shangazi, na hata mama yeyote wa rika lake.

Nilifungua ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, nikaandika ps na herufi zake za ziada. Hiyo ni amri ya kuorodhesha kila programu inayofanya kazi kwenye mashine kuu tunayoitumia sote ofisini, na nani aliyeiwasha. Mistari ikashuka. Programu sita zilikuwa zikipakua sinema, na mbele ya kila moja limeandikwa jina la mkuu wetu. Mtandao ulikuwepo. Ila ulikuwa ukiliwa na mtu mmoja.

Nilibisha mlango wake nikamwomba azizime. Hakukana. Aliuliza, "Nani alikuruhusu kufungua hiyo skrini?"

"Hakuna aliyenikataza. Nimeangalia tu mashine inafanya nini."

"Huo ni udukuzi. Ninyi watu wa huku ndio mnatuletea shida za usalama."

Nimezaliwa Garissa. Nimevuliwa viatu na kupekuliwa mkoba kwenye kila kizuizi cha barabara tangu nikiwa shuleni, na sikuwahi kulalamika. Lakini siku hiyo, kuitwa hatari kwa sababu ya sinema za mtu mwingine, nilishindwa kumeza. Nilirudi mezani, nikaandika amri ya kusimamisha zile programu, moja baada ya nyingine. Fomu ya kibali ikafunguka papo hapo.

Mama alipokea karatasi yake, akaisoma polepole, akanishika mkono. "Allah akuhifadhi, eeddo," alisema, akiniita kwa jina lile lile nililomwita, kama ilivyo desturi yetu. Nje, dereva wa lori alikuwa ameshusha mbuzi mmoja aliyezimia kwa jua. Mbuzi huyo hakuamka tena.

Jioni niliandikiwa barua ya onyo: nimeingilia mitambo ya ofisi. Nilikataa kuitia sahihi. Mkataba wangu ulipoisha hawakuuongeza, na mkuu akabaki na kiti chake. Watu huniambia yamepita, niyasahau. Mimi sioni kwa nini niyasahau.