Yuniti Kumi na Mbili za Nyumba Tupu

Nakumbuka siku moja nilipolazimishwa kula karatasi, mwanangu, na nikashukuru. Usicheke kwanza. Jana nilikuona ukijaza zile fomu zako za kazi umekaa kitini, nyumba hujazikanyaga lakini unaziandikia idadi ya watu. Jana nilinyamaza. Leo sinyamazi.

Nilikuwa kijana, nimetoka sekondari juzi tu, na Kampala iko mikononi mwa jeshi. Nikapata kazi ya kusoma mita za maji huku Old Kampala. Kazi yenyewe rahisi: unafunua kifuniko cha chuma pale chini, unapangusa kioo, unaandika namba kwenye daftari, kila nyumba na ukurasa wake. Aliyenifundisha ni Mzee Erisa. Yeye alipiga magoti kwenye kila mita, hata mvua ikinyesha, na suruali yake ilikuwa na viraka viwili magotini. Sisi vijana tulimwita Padri. Alikuwa akituambia, "Chekeni tu. Ila wino wako usitangulie jicho lako."

Mimi nilikuwa na haraka. Siku zile nani hakuwa na haraka? Kila mtu alitaka kufika kwake kabla askari hawajaanza kusimamisha watu barabarani.

Sasa, kulikuwa na nyumba moja ambayo mita yake ilikuwa ndani ya ua. Mwenyewe, karani mmoja, alisikia jina lake linaulizwaulizwa na askari, akakimbilia Kenya na familia yote. Ufunguo akamwachia jirani yake, Maalim Salim, mzee wa ukoo wa watu wa pwani aliyezaliwa papa hapa, akifundisha watoto Kurani barazani kwake. Kuisoma mita ile ilibidi umngoje Maalim amalize darasa. Mimi ningoje? Nikatazama miezi ya nyuma: kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na mbili. Nikaongeza yuniti kumi na mbili nikiwa nimesimama getini, nikaenda zangu. Mwezi uliofuata, hivyo hivyo. Nani ataumia?

Mwezi wa tatu tangu karani aondoke nikakuta gari, Pezho, imesimama pale, buti yake ya nyuma ya mizigo wazi, askari wanne. Siku hizo buti ikifunguliwa mbele ya nyumba, majirani walifunga madirisha. Aliyetiwa mle hakurudi. Maalim alikuwa getini, miguu mitupu, kofia imeanguka chini.

"Nakwambia kweli, afande. Miezi mitatu humu hamna mtu."

"Wewe naficha yeye," koplo akasema. Kisha akaona daftari langu. "Wewe ya maji. Kuja. Nyumba hii nakunywa maji?"

Nikafungua ukurasa. Akaninyang'anya, akasoma mwenyewe kwa kidole. "Kumi na mbili. Kumi na mbili." Akamgeukia Maalim. "Mzee, hapa nakaa nani? Jini?"

Wenzake wakacheka.

Maalim akanitazama. Alijua, mwanangu. Tangu karani aondoke sikuwahi kumwomba ufunguo hata mara moja, na angeweza kusema hivyo. Hakusema. Nadhani aliona kwamba akisema, atakayetiwa kwenye buti ni mimi. Na mimi nikanyamaza. Hilo ndilo linaniuma hadi leo, kuliko zile namba. Wakamshika mabega, goti lake moja likawa tayari juu ya ukingo wa buti.

Mzee Erisa alikuwa anasoma mita za upande wa pili wa barabara. Nikamsikia nyuma yangu, sauti ya kawaida kabisa.

"Kijana, uliiona?"

"Sikuiona," nikasema. "Afande, niliandika kwa kukisia. Mita sijaiona."

Kofi likanikuta kabla sijamaliza. Wakamwamuru Maalim afungue geti. Nyasi zilikuwa zimefunika kile kifuniko. Nikazing'oa kwa mikono. Chura akaruka. Kioo kilikuwa tope tupu, nikakipangusa kwa shati langu. Koplo akainama. Daftari lilisema mia saba arobaini na nane. Mita ilisema mia saba ishirini na nne, namba ile ile niliyoisoma mara ya mwisho karani mwenyewe aliponifungulia.

"Labda wewe narudisha nyuma," koplo akasema.

"Hairudi nyuma, afande." Mzee Erisa alikuwa amekwisha piga magoti. Akafungua bomba la uani. Ikatoka kutu, kisha maji, na kisindano chekundu cha mita kikaanza kuzunguka. "Inakwenda mbele tu."

Koplo akakitazama kile kisindano kikizunguka. Kisha akachana ukurasa wangu, akanipa. "Chakula yako. Kula."

Nikala. Nilipomeza kipande cha mwisho, akaashiria Maalim aachiwe, akaifunga buti kwa kiganja, wakaondoka.

Maalim akaokota kofia yake, akaikung'uta. Akakinga maji pale pale bombani, akanipa kikombe. "Kunywa, mwanangu. Halafu uyaandike."

Mzee Erisa ndipo akanikemea, bado yuko chini. "Unadhani mimi napenda tope? Kila namba ina mtu nyuma yake, na yeye ndiye ataulizwa."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilitoka getini hadi kwenye buti tu, na aliyetembezwa humo si mimi. Baada ya siku ile Maalim alinifungulia geti kila mwezi, na kila mwezi nilingoja darasa liishe. Hatukuyazungumza tena.

Kwa hiyo vaa viatu, mwanangu. Zichane fomu za jana, uende ubishe hodi, uhesabu watu unaowaona kwa macho yako. Usiandike usichokiona. Na ukikosea, maana utakosea, sema mwenyewe mapema. Mimi nilingoja hadi nikaulizwa, na nusura nichelewe.

Mungu akupe magoti yasiyoogopa tope na ulimi usiochelewa. Na kila mtu utakayemwandika, alale kwake salama kwa sababu uliandika kweli. Amina.