Chai ya Mama Asiyekunywa Chai

Nyumba yetu huko Manga imezungukwa na chai pande zote, lakini ndani hakukuwa na majani chai hata ya dawa. Sisi ni Wasabato, chai kwetu ni mwiko, na mama yangu ni Msabato wa kukaza kamba. Amedamka kuchuma majani hayo tangu sijazaliwa, akayapeleka mgongoni hadi kituo cha kuuzia, akatusomesha nayo. Kuyanywa? Thubutu! Mgeni akija kwetu anapewa soya, ile mama anayokaanga mwenyewe, akaisaga na kuipika kwa maziwa. Na ni tamu, msinicheke.

Sasa mimi nikaenda kupenda kijana wa Kikatoliki kutoka Birongo. Mama yake hakutaka. Hakuwa na neno na mimi, ila aliogopa dini yetu na masharti yake. Mchumba wangu, ambaye hajui kuficha kitu, akaniletea maneno ya mama yake kama mzaha: "Anauliza, huko kwa Wasabato atakunywa nini, maji moto?" Yeye akacheka. Mimi sikucheka hata kidogo. Huyo mama alikuwa anakuja kwetu Jumapili baada ya misa, na mgeni wa namna hiyo akirudi kwake akisema hakukaribishwa, basi posa imekwisha.

Nikamwambia mama yangu kila kitu. Akaendelea kumenya ndizi. Jumapili asubuhi akajifunga leso, akaenda dukani mwenyewe kununua pakiti ya majani chai. Mwenye duka, muumini mwenzake, akashtuka.

"Mama, umerudi nyuma?"

"Ni ya mgeni. Funga mdomo na unipe nilichokuja kuchukua."

Nyumbani mama akaingia jikoni, mimi nikaandaa meza. Nilitandika kile kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kinachokaa sandukuni kikingoja wageni wa maana. Nikapanga vikombe vya maua kwenye visahani, nimevifunika visiingie vumbi, vishikio vyote upande mmoja. Sukari hapa, nduma pale, mandazi katikati. Mwishoni nikaweka thamosi mbili, ya buluu ya soya na nyekundu ya chai. Nilikuwa na wasiwasi mpaka nikavipanga vile vikombe upya.

Wageni wakafika, mama wa mchumba wangu akitangulia, wakanawa mikono, baba akaomba ombi refu ajabu. Nikashika thamosi nyekundu, nikamimina. Lo! Chai ilitoka nyeusi kama udongo wa bondeni, na maziwa yalikuwemo. Mama alikuwa ametia karibu nusu ya pakiti. Kwa akili yake, kutia kidogo ni kumdharau mgeni, na kuonja hakuweza.

Mgeni wetu akapiga funda moja. Macho yakamtoka.

"Chai ya hapa," akasema polepole, "iko na nguvu."

Mama yangu hajui kujifanya. "Nimeharibu? Niambie tu. Sijui kupika chai mimi, sijawahi kuionja."

"Hujawahi? Na hii yote iko hapo nje?"

"Hiyo nachuma tu."

"Sasa leo umempikia nani?"

"Wewe."

Nilikuwa nimeshika sahani ya mandazi, nikawaza yameisha. Yule mama akamtazama mama yangu. Kisha akaivuta thamosi ya buluu, akamimina soya juu ya ile chai mpaka ikamwagikia kisahani.

"Wacha zijuane," akasema, akanywa yote. Akaninyooshea kikombe. "Mokamwana, ongeza."

Aliniita mke wa mwanawe, mbele ya watu wote, kabla mazungumzo yenyewe hayajaanza. Nilimimina nikilia, na hakuna aliyenikataza.

Hiyo ni miaka mingi sasa. Juzi mama mkwe wangu aliumwa goti, na mama yangu akapanda boda boda kwenda Birongo kumjulia hali. Nilitangulia kuandaa meza. Jikoni sikuruhusiwa. Mama mkwe alikuwa huko na goti lake bovu, akikaanga soya kwa mara ya kwanza maishani, maana ile ya dukani, alisema, si ya kumpa mtu kama huyo.

Nilipoimimina ikanuka moshi. Nikamnong'oneza mama mkwe, "Mama, hii imeungua."

"Nyamaza. Peleka."

Mama yangu akapiga funda moja. Nilimwona akimeza kwa shida. Namshukuru Mungu kwa hawa wanawake wawili, namshukuru kila siku, hata siku wanayonitesa.

"Nimeharibu?" mama mkwe akauliza akiwa ameegemea mlango.

"Iko na nguvu," mama akasema, akaninyooshea kikombe. "Ongeza."