Siku chetezo cha mama kilipotaka kuninyima leseni ya ufundi gesi

Wakuu, habari za huko mliko. Uzi huu nauandika nikiwa Kilindoni, Mafia, na sitatia chumvi hata punje. Kisa kinamhusu mama yangu, na mama nikimsingizia atajua tu.

Kwanza niseme mapema, mimi ni ke. Najua mtu akisoma "fundi gesi" anapata picha ya kaka mwenye ovaroli.

Mama ana mgahawa mdogo hapa mjini, nyumba na biashara viko ua mmoja. Tangu nikiwa mdogo anapikia makumbi na vifuu vya nazi tunavyoletewa na ndugu zetu wa Baleni. Moshi umemla kifua. Akianza kukohoa asubuhi, mtaa mzima unajua bi mkubwa ameamka.

Kikohozi hicho ndicho kilichonipeleka Dar kusomea gesi. Sikuwa na ndoto nyingine yoyote.

Kozi nikamaliza, field nikafanya chini ya fundi mwenye leseni, mtihani nikafaulu. Ikabaki hatua moja: nifunge mfumo mwenyewe, mkaguzi aje auone, ndipo nisajiliwe. Nikauchagua mgahawa wa mama. Naye akaniapia kabisa kwamba gesi isiyo na ruhusa ya serikali haiwashi. Nikikwama, anarudi kwenye makumbi yake.

Nikafunga. Mitungi nje ukutani, bomba la shaba hadi jikoni, jiko kubwa la chuma. Nikapaka povu la sabuni kila kiungio, hakuna hata kiputo. Nikalala na raha zangu.

Sasa wakuu wa pwani mnajua. Mgeni wa heshima akija, nyumba inafukizwa. Kwa mama, kumpokea mgeni bila ubani ni sawa na kumpokea bila kumwambia karibu.

Asubuhi nikaenda uwanja wa ndege kumpokea mkaguzi, kaka mmoja mpole wa bara. Huku nyuma mama akalisugua jiko kwa stilwaya mpaka likang'aa, na katika kusugua kifungulio kimoja kikazunguka. Moto hakuna, gesi inatoka tu. Kisha akafunga mlango wa jikoni na madirisha ili paka wasiingie.

Tukaingia uani.

"Shikamoo mama," mkaguzi akasalimu.

"Marahaba mwanangu, karibu sana. Humo jikoni mna kiharufu, ngoja nifukize uingie pazuri."

Mkono mmoja umeshika chetezo, makaa mekundu, ubani umeshaanza kufuka. Mkono mwingine uko kwenye komeo la mlango.

Mnaoelewa gesi mmeshaona. Hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni. Na chetezo kinawekwa wapi? Sakafuni.

"Mama, usifungue."

"Hee! Mgeni kasimama juani, mwanangu."

Nikamnyang'anya chetezo, nikatoka nacho mbio hadi ng'ambo ya barabara, nikamwaga makaa na kuyafukia mchangani. Nikarudi nikafunga mitungi, nikafungua mlango na madirisha, swichi ya taa sikuigusa.

Mama aliumia. Hatari hakuwa ameielewa bado. Aliumia kuporwa ubani mbele ya mgeni, tena na mtoto wa kumzaa. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akatugeuzia mgongo.

Hewa ilipokuwa safi mkaguzi akapima presha, akapiga magoti akakagua kila kiungio. Akaniambia, "Ufundi wako hauna dosari. Lakini mwenye jiko hujamfundisha, na hapo siwezi kusaini. Kesho kabla ya ndege nitapita. Nitamuuliza yeye, si wewe."

Wakuu, leseni yangu ikawa mikononi mwa mama aliyeninunia.

Jioni nilianza kwa kumwomba radhi. Akasema haya, eleza. Nikaeleza. Chuoni tuliambiwa kuhusu kiberiti, sigara na swichi, chetezo hakuna aliyekitaja.

"Kwa hiyo kile kiharufu ndiyo gesi yenyewe?"

"Ndiyo mama. Wameitia harufu makusudi ili tuisikie."

Akafikiri. "Kumbe inapiga hodi."

Kesho yake mkaguzi akaketi naye uani, mimi nimesimama kando. Akamuuliza, ukisikia harufu utafanyaje?

"Ikipiga hodi, mwanangu, hii haiitikiwi karibu. Moto wote nje. Nafunga mtungi, nafungua milango, natoka nakaa mbali. Ubani siku nyingine."

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Akasaini palepale.

Leseni ina jina langu, lakini mama anawaambia wateja, "Tumefaulu." Mimi namwacha, maana ni kweli.

Nilichojifunza: bomba unalifunga kwenye nyumba yenye desturi zake. Siku hizi nikiingia kwa mteja, kabla sijafungua begi la vifaa nauliza, chetezo chenu kinakaa wapi?

Na nyie wa Tanga, Lindi, Unguja na kwingineko, jikoni kwenu kuna mazoea gani ambayo fundi asipouliza hatayajua? Tiririkeni hapo chini, nitasoma yote.

Kikohozi cha mama kimepungua sana. Chetezo kimehamia langoni, na mtaa sasa ukisikia ubani unajua bi mkubwa ameamka.