Kuni Fupi na Injini ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakuwahi kunipenda, na sikumlaumu, maana miaka ile hata mimi sikuwa najipenda sana. Alinikuta fundi baiskeli. Nikaacha baiskeli, nikafuga bata. Bata wakaondoka na mafuriko, wote, wazima kabisa, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama. Kwa hiyo mke wangu alipokwenda kwao Katindiuka kuniombea injini, yule mama hakuuliza ni ya kufanyia nini. Aliuliza tu, "Na safari hii kitakufa nini?"

Injini ilikuwa yake kweli. Alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, kinu chake kikavunjika, injini ikabaki nzima imefunikwa magunia. Ilikuwa ya dizeli, silinda moja, ya kuwasha kwa hendeli. Mama aliiendesha mwenyewe miaka mingi, mikono yake ina makovu ya mkanda, na hakuna mwanamume aliyewahi kumfundisha kitu kuhusu injini akamaliza sentensi. Akakubali kuniazima, ila kwa sharti. Nikae nayo mpaka mavuno ya mpunga. Mavuno yakifika atakuja kuangalia. Akikuta biashara inayolisha mtu, injini ibaki. Akikuta upuuzi mwingine, anaondoka na injini yake, na binti yake vilevile.

"Na wewe utaondoka?" nilimwuliza mke wangu.

"Wewe fanya kazi," akasema.

Hilo halikuwa jibu, na nililala nalo miezi yote ile.

Niseme na jambo moja la kwao, mnielewe. Mkwe na mama mkwe hawasemezani. Nampa shikamoo kwa mbali nimechutama, anaitika marahaba akitazama pembeni, basi, tumemaliza. Mengine yote yanapita kwa mke wangu, hata kama tumekaa hatua tatu. Mama anamwambia mke wangu, mke wangu ananigeukia ananirudia, ndipo naruhusiwa kushtuka. Jibu linarudi kwa njia ileile. Neno ambalo halijapelekwa na mtu wa katikati, kwao, halijasemwa. Miaka sita tuliishi hivyo, na mimi nikiona ni kupoteza muda wa watu.

Wazo la kuni nililitoa kwenye karakana ya wamisionari, ambako niliwahi kufagia. Bruda mmoja mzee alikuwa na kitabu cha mashine, cha Kijerumani, na humo mlikuwa na picha ya mzungu amesimama kando ya rundo la kuni. Mungu wangu, zile kuni! Fupi, nyeupe, zimelingana zote, zimepangwa ukutani mpaka unatamani kuzinusa. Nikajisemea, Ifakara nzima inahangaika na mashoka, wanawake wanatoka porini na miti imepinda kama nyoka, kumbe dunia imeshafika huku. Nikaipenda ile picha kama mtu anavyopenda mchumba asiyemjua.

Mashine yenyewe alinitengenezea fundi wa kuchomelea karibu na stendi. Meza ya vyuma chakavu, juu yake msumeno wa duara uliotupwa na kiwanda kimoja cha mbao, nikaunoa kwa tupa jino moja moja mpaka vidole vikafa ganzi. Upande wa pili tukafunga pembe. Pembe ni chuma kilichochongoka chenye nyuzi za skrubu. Kikizunguka unakisogezea kipande cha gogo, kinajichimbia ndani chenyewe, na gogo linapasuka paa! Mara ya kwanza lilipopasuka nilipiga kelele mimi, sio gogo.

Magogo nilikuwa nimeshayavusha Kivukoni kabla ya masika, kwa pantoni, juu ya tela la trekta la kukodi, kibali cha maliasili mfukoni kama mtu mwenye akili zake. Nikayapanga uani chini ya turubai. Mke wangu akafunga vyombo vyake akaenda shambani na watoto, kama watu wote. Bonde letu wakati wa mpunga ndivyo lilivyo: nyumba zinahamia mashambani, watu wanalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, wakifukuza ndege na nguruwe, hawaonekani mpaka magunia yajae. Mimi nikabaki mjini kwa sababu ya biashara. Nilikuwa nalisema hilo neno kwa kuvuta, biashaara, hata kwa watu ambao hawakuniuliza.

Nikaanza kukata. Jamani, utamu wake! Unazungusha hendeli, injini inakohoa, inakataa, unaitukana kidogo, inakubali. Mkanda unapiga, msumeno unaimba, vumbi la mti linakujaa masikioni. Nilikata kila gogo kwa kipimo kimoja, urefu wa unyayo wangu na kiatu, nikapasua vipande vinne vinne, nikapanga kando ya ukuta kama nilivyoona kwenye picha. Wanaume waliobaki mjini wakawa wanakuja kutazama. Walileta na vigoda vyao. "Aisee, umetisha," wananiambia. "Hii ndiyo kazi." Mmoja alikaa siku nne mfululizo akinisifu, na hakununua hata kijiti. Sikujali. Kichwa kilikuwa kimenivimba, kofia hainiingii.

Masika ikashika kweli, kuni kavu zikaadimika mjini, na mimi nina rundo kavu linalogusa bati. Wanawake waliobaki walikuwa wanapita, wanasimama, wanatazama, wanaondoka. Nikadhani wanaona haya.

Mchana nilikuwa nakula kwa mama ntilie mmoja karibu na soko. Siku moja nikambebea kuni za kuonja, nimezifunga kwa kamba, zawadi kabisa. Akazitazama. Akaita wenzake waje nao watazame.

"Hivi ni kuni hizi," akaniuliza, "au umeniletea mihogo?"

"Ni kuni za kisasa, mama."

"Baba, wewe umewahi kupika?"

Nikamwambia swali lake halihusiani. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanionyesha mafiga yake. Kuni zake zilikuwa ndefu, ncha zinaungua chini ya sufuria, sehemu nyingine yote imelala nje. Akakata kitunguu, akahudumia mtu, akapita karibu na jiko na kusukuma kuni moja ndani kwa mguu, bila hata kuinama. "Hii inaungua mpaka jioni, mimi naendelea na mambo yangu. Hicho kipande chako nikikitia kinazama chote majivuni. Nikitie kingine, na kingine. Nitachutama hapo mpaka lini? Na mzigo wake nitaubebaje kichwani? Vitatoka katikati ya kamba kimoja kimoja njia nzima."

Miezi mitatu nilikuwa nakula pale kila siku, mbele ya kuni ndefu. Miezi mitatu! Macho yangu yako kwenye nyama.

Mtu mwenye busara angerudi nyumbani akakata yaliyobaki marefu. Nilikuwa bado na magogo, karibu nusu. Lakini wale wenzake walikuwa bado wanacheka, na mmoja akaniita bwana mihogo. Nikapandwa na hasira. Nikarudi, nikawasha injini, nikakata nusu yote iliyobaki fupi vilevile, tena fupi zaidi. Niwaonyeshe! Sijui nilitaka kuwaonyesha nini. Jioni nilipozima injini ukimya ukanishukia, nikalitazama lile rundo, nikajua nimekwisha.

Nikajaribu kuwapelekea wachoma matofali, wakanifukuza. Tanuri la matofali nalo linataka gogo zima. Nikasafiri hadi Mlimba na magunia mawili kwa treni, nikarudi na magunia mawili. Mpunga ukaiva. Magunia ya watu yakaanza kuingia mjini, nami nikawa nahesabu siku kama mtu anayesubiri hukumu.

Mke wangu alirudi asubuhi moja, mweusi kwa jua, amekonda, amependeza, watoto amewaacha shambani na majirani. Nyuma yake kwenye baiskeli ya kukodi amekaa mama yake.

Nikachutama. "Shikamoo mama."

"Marahaba," akauambia mwembe wa jirani.

Hakuanza na kuni. Alikwenda moja kwa moja kwenye injini, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akainusa, akaisugua kati ya vidole. Akalizungusha gurudumu kwa mkono akisikiliza. Kisha akamwambia mke wangu, "Mwambie mume wako injini ameitunza."

"Mama anasema injini umeitunza."

"Mwambie asante."

"Anasema asante."

"Mwambie kichwa chake ndicho hajakitunza. Hivi vyote hivi vinapikia nini?"

Mke wangu alinitazama, akalitazama rundo, na niliona anavyoelewa jambo lote kwa mara moja, kuanzia kipande cha kwanza mpaka cha mwisho. Kama angekuwa nyumbani angeniambia siku ya kwanza. Hakucheka. Ningefurahi kama angecheka. Akarudia swali, nami nikasema zinapikia chochote, ni kuni kama kuni nyingine.

"Basi apike," mama akasema. "Maharage. Na asisaidiwe."

Nikapika. Mbele ya uwanja mzima, mwanamume mwenye mashine, nimechutama kwenye mafiga. Natia vipande, vinashika, vinawaka vizuri sana, nainuka kunyoosha mgongo, moto umeshazama. Natia tena. Moshi, machozi, kamasi. Nikaenda msalani, mwendo wa kuhesabu mpaka mia, niliporudi sufuria imenyamaza. Majirani wakatoa vigoda. Wale wale wanaume waliosema nimetisha walikuja kukaa palepale, na sasa walikuwa na ushauri. Mama alikaa nyuma ya nyumba, upande nisioweza kumwona, akisubiri. Kipande baada ya kipande nilikuwa nakokotoa mwenyewe: mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na maji ya kuteka, na mboga ya kuchuma, angepikaje kwa hizi? Nilijiona mjinga, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumsingizia.

Jua lilikuwa limeshapinduka maharage yalipoiva. Mke wangu akampelekea mama yake bakuli huko nyuma. Kisha mama akatokea, akasimama pembeni ya jiko, amenipa bega.

"Mwambie mume wako injini naondoka nayo."

"Mama anasema injini anaondoka nayo."

"Mwambie sawa," nikasema. Niliyastahili.

"Anasema sawa."

"Na mwambie naondoka na wewe. Watoto watakuja kesho. Kafunge mzigo."

Nilisikia. Nani asingesikia? Nilikuwa hatua tatu. Lakini kwa desturi nilikuwa bado sijasikia, nikabaki nimeshika mwiko, nikimtazama mke wangu na kusubiri aniambie. Niliogopa. Mafuriko sikuyaogopa vile. Nilitaka kumwambia bakia, nikashindwa, maana ningembakiza wapi, juu ya kuni?

Alikuwa anafuta mikono kwenye kanga. Alifuta mkono mmoja, akafuta wa pili, akarudia wa kwanza.

"Hilo silipeleki, mama," akasema.

"Nini?"

"La injini nimelipeleka. Hili silipeleki. Kama unataka limfikie, mwambie mwenyewe."

Mama mkwe akanigeukia. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita nikamwona usoni, naye akaniona, nimejaa masizi na macho mekundu. Mdomo wake ukafunguka. Neno lilikuwa pale pale, niliona linavyomsumbua. Nami nikainamia sufuria, nikakoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

Hakulisema. Desturi ilikuwa yake, na ya mama yake, na hakuwa mwanamke wa kuivunja kwa sababu ya mtu kama mimi. Akakaza kanga kiunoni, akatoa spana kwenye mfuko wake, akaenda kufungua nati za injini mwenyewe. Nati ya nne ilikuwa ngumu. Akaiweka spana chini, akasogea kando, akatazama barabarani. Nikaenda nikaifungua. Vijana wanne wakaipakia kwenye mkokoteni, naye akaufuata nyuma mpaka kona.

Tukabaki na meza ya chuma isiyo na injini na rundo la kuni linalogusa bati. Mke wangu akaniambia zile kuni hachutamii yeye, hata moja. Kwa hiyo nilipika mimi, mwaka mzima na zaidi kidogo, mpaka zikaisha.

Lakini siku ile alipakua maharage sahani mbili, tukakaa kula. Nikajitia sijui kitu, nikamwuliza kwa sauti ya kawaida, mama alikuwa anasema nini pale mwishoni?

Akatafuna kwanza, akameza.

"Alisema yamepungua chumvi."