Rimu ya Mbele Kushoto

Baada ya mama kufa, gari letu lilikaa kwenye uwanja wa fundi mmoja wa Ruangwa zaidi ya mwezi, pembe yake ya mbele kushoto ikiwa imeegemezwa juu ya gogo la mkorosho. Hakuna aliyeliulizia. Sisi tulikuwa nyumbani Nachingwea tukipokea watu wa msiba. Kila aliyekuja aliuliza ilikuwaje, na mimi ndiye niliyeeleza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika usukani.

Lilikuwa gari la baba. Baba alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akavushwa akiwa mtoto mgongoni mwa bibi, na utu uzima wake wote aliendesha malori ya watu, msimu wa korosho na msimu wa ufuta. Mwishoni mwa miaka ya tisini, alipoachana na malori, alinunua gari lake mwenyewe, dogo, jeupe, lenye nafasi ya mizigo nyuma. Aliuziwa na mhandisi wa barabara aliyemaliza kazi na kurudi kwao.

Lilikuja na rimu za spoti, zile za aluminiamu zinazong'aa, si za chuma cheusi kama magari mengine ya mji wetu. Kila rimu ilikuwa na njiti tano pana zilizotawanyika kutoka katikati kama ua lililofunguka. Mama hakujua jina la gari lolote. Siku lilipoletwa alilizunguka mara mbili, akainama, akasema, "Kumbe na magari nayo huvaa maua!" Baba alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Tangu siku hiyo gari lilioshwa na baba, lakini rimu zilikuwa za mama. Alizisugua kwa majivu na kipande cha kanga kuukuu, kama alivyosugua sufuria za sikukuu, na mtoto yeyote aliyepita karibu na ndoo yake ya maji alikaripiwa.

Halafu macho ya baba yakaanza kufa pembeni. Kilichokuwa mbele yake alikiona, cha ubavuni hakukiona, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Hakutuambia. Sisi tuliona tu kwamba anagonga vikombe na kwamba akisalimiwa kutoka kando anashtuka. Siku moja, miaka ya elfu mbili ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, alinikabidhi ufunguo. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kuendesha alikuwa amenifundisha mwenyewe.

"Nimechoka na usukani," alisema. "Endesha wewe. Mimi nitakaa kama bosi."

Nilifurahi. Nilidhani ameniamini.

Mwaka uleule, wakati wa kuvuna ufuta, mama alikwenda Nambilanje kumsaidia kaka yake shambani. Wiki ya pili tuliletewa habari kwamba amelala, kifua kimembana, hapumui vizuri. Tuliondoka alfajiri, mimi na baba. Kabla hatujafika tulipata pancha ya nyuma, tukafunga tairi la akiba, tukaendelea. Tulimkuta mama ana homa kali lakini anaongea. Mjomba alimbeba mpaka kwenye gari. Baba alikaa naye kiti cha nyuma, kichwa cha mama mapajani mwake, tukaanza safari ya kumwahisha hospitali Ruangwa.

Hatukufika mbali. Palikuwa na mahali barabara inashuka kwenye kijito kilichokauka, na katikati ya mchanga palikuwa na jiwe. Nililiona. Nilipunguza mwendo, nikalikwepa, au nilidhani nimelikwepa. Gurudumu la mbele kushoto lililigusa, kukatoka mlio mkavu kama kuni inayopasuliwa, na gari likainama. Niliposhuka, tairi lilikuwa limelala na rimu imegawanyika. Kipande chake chenye urefu wa kiganja kilikuwa kwenye mchanga. Tairi la akiba tulikuwa tumeshalitumia.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Tulikaa pale mpaka alasiri. Nilikimbia kwenda kijiji cha karibu, nikarudi bila kitu. Nikakimbia upande wa pili. Mama alikuwa ameegemea mlango uliofunguliwa, anavuta pumzi moja baada ya nyingine kama mtu anayepandisha mlima.

"Usilie," aliniambia. "Hujafanya kusudi."

Hatimaye likapita trekta lililobeba magunia ya ufuta, tukampandisha juu ya magunia. Alifikishwa hospitali jua linazama. Walimpokea vizuri na walihangaika naye. Siku ya tatu akafa. Muuguzi mmoja, mtu mzima, mwenye huruma, alinishika bega akasema, "Mngemwahisha asubuhi ile, mwanangu." Hakuwa na nia mbaya. Lakini maneno yale nilikwenda nayo msibani, nikalala nayo, nikaingia nayo darasani.

Baada ya arobaini baba, ambaye macho yake sasa yalibaki kuona ukungu tu, alisema, "Twende tukatafute rimu."

Tulianza hapohapo Nachingwea. Karibu na soko palikuwa na fundi wa tairi aliyekuwa na rimu za chuma, nne, zenye matundu ya nati sawasawa na gari letu. Mimi nilitaka tuzichukue palepale. Rimu ya chuma ikigonga jiwe inapinda, unaigonga nyundo, unaendelea na safari. Hilo lilikuwa ndilo jambo pekee nililotaka kujua kuhusu rimu.

Baba aliipapasa moja, akaiacha. "Nataka zenye maua," alisema.

"Baba, hizo ndizo zilizovunjika."

"Mama yako alizipenda."

Sikuweza kubishana na hilo. Tulipata usafiri kwenda Ruangwa, ambako tulisikia kuna mfanyabiashara anayeuza vipuri vya magari yaliyokatwakatwa. Duka lake lilikuwa kibanda cha mabati, na ukutani, kwa waya, alikuwa amening'iniza rimu za kila aina. Nne kati yake zilikuwa za spoti, zenye njiti tano. Hazikufanana sawasawa na za kwetu, lakini kwa mtu anayeona kwa vidole zilikaribia. Mwenye duka alizishusha, akazipangusa, akazipanga mbele ya baba aliyekuwa amekaa kwenye benchi.

"Mzee, hizi ni nadra. Zimetoka Dar. Hata mkwaruzo hazina."

Baba aliinua ya kwanza akaiweka mapajani. Alipitisha vidole kwenye njiti, kwenye matundu ya nati, halafu ndani, kule kusikoonekana gurudumu likishafungwa. Akaiweka chini. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu alikawia nayo. Kidole gumba chake kilikwenda na kurudi mahali pamoja, kwenye ukingo wa ndani.

"Hii imechomelewa," alisema.

Mwenye duka alicheka. "Hapana, mzee. Hiyo ni rangi imeganda."

"Imechomelewa, ikapigwa tupa, ikapakwa rangi ya fedha. Weka kidole hapa."

Mwenye duka hakuweka. Aliinama akatazama, akanyoosha mgongo, akaangalia barabarani. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyeshikwa, "Umejuaje, mzee? Mimi mwenyewe nina macho na sikuona."

Baba alikuwa bado ameishika. "Nimejua kwa sababu na mimi niliwahi kuchomelewa rimu hivihivi," alisema. "Nilimwambia fundi apige tupa mpaka mke wangu asione anapoosha."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya benchi. Kwa muda sikuelewa. Nilidhani anazungumzia lori la zamani.

"Rimu gani, baba?"

Alipitisha tena kidole gumba kwenye ukingo.

"Baba. Rimu gani?"

"Ile ya mbele kushoto."

Mwenye duka aliingia ndani ya kibanda chake akatuacha. Baba alianza kusema, polepole, uso wake ukiwa umeelekea barabarani ambako hakuna alichokiona. Miezi mitatu kabla hajanipa ufunguo, alikuwa peke yake, akagonga ukingo wa daraja dogo upande wa kushoto. Daraja alilolivuka miaka ishirini. Hakuliona. Rimu ikapata ufa. Angesema ukweli, tungejua kwamba haoni, na ufunguo ungechukuliwa siku hiyohiyo. Basi akaipeleka kwa fundi hapo Ruangwa ambaye hatumfahamu, ikachomelewa. Fundi alimwambia isiende mbali, isiende mahali pa mawe. Baba akaitikia. Miezi mitatu akaendelea kuendesha, na macho yalipozidi, akanipa mimi ufunguo na hakuniambia neno.

"Nilikuwa kila siku nasema nitaibadilisha," alisema. "Halafu ikaja habari ya mama yako, tukaondoka. Nilisahau. Wallahi nilisahau mpaka niliposikia ule mlio."

"Ulipousikia ulijua?"

"Nilijua."

"Siku arobaini, baba. Kila aliyekuja nilimwambia ni mimi. Nililia mbele yako kwamba ni mimi."

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma. Sikumwonea. Nilimwacha palepale kwenye benchi, mtu asiyeona, katika mji usio wake, nikatembea mpaka mwisho wa maduka na zaidi, mpaka penye miti ya mikorosho. Sikulia. Nilihesabu jinsi kila kitu kingeweza kwenda vingine: kama angesema neno moja tukifunga lile tairi la akiba nyuma, ningeendesha taratibu zaidi. Tungeazima gari. Tungemsubirisha mama pale kwa mjomba, tukatafuta trekta asubuhi ileile. Nilirudi kwa sababu jua lilikuwa kali na nilijua hajanywa maji.

Alikuwa amekaa vilevile. Mwenye duka alikuwa amemletea kikombe cha maji na rimu zile amezirudisha ukutani. Nilimwambia nataka za chuma. Alikuwa nazo ndani, nyeusi, zina kutu kidogo. Nilizichagua mwenyewe. Kila moja niliiingiza kwenye nondo aliyoishikilia mwenye duka, nikaizungusha na kutazama kama inayumba. Niliingiza kidole kwenye kila tundu la nati kuhakikisha halijalika. Nilipapasa ndani, kwenye ukingo, kama nilivyomwona baba akipapasa. Mbili nilizikataa. Nilipopata nne nilizoridhika nazo, nilimwambia baba, "Tumepata." Hakuomba kuzigusa.

Fundi aliyekuwa na gari letu alitoa zile tatu zilizobaki akafunga za chuma. Aliuliza hizi nzuri mnazipeleka wapi. Nilimwambia azichukue, afanye apendavyo. Baba alikuwa amesimama karibu, akasikia. Nilijua namnyang'anya kitu. Nilifanya hivyo nikijua.

Tulirudi Nachingwea. Nyumbani nilimpikia, nilimfulia, nilimshika mkono kwenda msikitini siku za Ijumaa. Lakini maneno yetu yalikuwa ya chakula na maji tu. Ikapita mwezi hivi, ndipo asubuhi moja akasema, "Nipeleke Nambilanje. Nataka kumwambia shemeji yangu kwa mdomo wangu."

Nilimpeleka. Mjomba alitupokea uani, akatandika mkeka, akaagiza kuku akamatwe. Baba hakusubiri kuku. Alisema yote, kuanzia darajani mpaka kwenye benchi la Ruangwa, na alisema vibaya, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimakua cha kwao, kama alivyosema kila alipopatwa na uchungu. Mwishoni akasema, "Dada yako nimemuua kwa aibu yangu. Na mtoto huyu nimembebesha mzigo wangu."

Mjomba alisimama. Akatazama mikono yake. Kisha akatoka uani akaenda shambani, hakurudi mpaka jioni. Kuku aliliwa na watoto. Aliporudi alisema tu, "Njia si nzuri, ondokeni kabla ya giza." Hakututukana. Lakini miaka minne iliyofuata hakukanyaga nyumbani kwetu, na kwenye sherehe za ukoo alikaa mbali na baba.

Baba hakuona tena kabisa. Aliacha kuingia garini. Jioni moja ya mwaka wa nne, nikimkata kucha za miguu, aliniuliza, "Mwanangu, umenisamehe?"

Nilisema, "Yameisha, baba." Nilisema bila kuinua kichwa, kwa sauti ile ya kumjibu mchuuzi usiyetaka kununua kwake. Alisema ahsante. Nikaendelea na kidole kingine. Hakuuliza tena, na mimi nilidhani ipo siku nitamwambia vizuri, hasira ikinitoka. Alikufa mwaka huohuo, ghafla, nikiwa shuleni.

Mjomba alikuja kuzika. Alikuja bila kupelekewa gari, na ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea baba pamoja na wenzake wawili. Watu walipotawanyika alinijia nilipokuwa nakoka moto, nguo zake bado zina udongo. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Alikuomba radhi kabla hajafa?" aliniuliza.

"Aliniomba, mjomba."

"Ulimjibuje?"

Nilitazama moto. Nikamwambia kwamba nilimshika mikono, nikamwambia nimemsamehe kwa moyo wangu wote, na kwamba baba alilia. Mjomba aliitikia kwa kichwa taratibu, akafuta macho kwa mkono wa kanzu.

"Afadhali wewe," alisema.