Gari la Stima Litalala Wapi?

Ile siku Shosho Wanjiru alinimwagia miguuni maji ya vyombo naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu juzijuzi hasira yake ilinirudia mimi, ikanikalia kifuani, na mpaka sasa ninapoandika haya haijatoka yote.

Nilikuwa kijana, nimefika Kawangware kutoka Bungoma na mashati mawili na kiburi cha watu kumi. Huyo bibi alikuwa na mikokoteni nyuma ya soko, anaikodisha kwa vijana. Unachukua asubuhi, unarudisha jioni, unampa chake. Alikuwa pia anapika matumbo, na hayo matumbo, acha tu, nikianza hapo hatutafika. Mimi nikaona kurudisha kila jioni ni ujinga. Nikamwambia nataka mkokoteni wa kukaa nao kwangu, niwe naamka nao mapema, nifike kwa mizigo kabla ya wenzangu.

"Utaulaza wapi?" akaniuliza, hata hajainua macho kwenye sufuria anayoosha.

"Nje ya nyumba."

"Nyumba gani? Ile ya Riruta mnaingia mlangoni kwa ubavu? Enda ulale wewe hapo nje kwanza. Ukiamka bado una viatu, rudi nikupe mkokoteni."

Vijana wakacheka. Nikamjibu kwamba pesa yangu ni pesa kama ya mtu mwingine. Hapo ndipo maji yalipokuja, na mabaki ya sukuma ndani yake. Halafu akasema maneno ambayo wakati huo sikuyaelewa: "Mkokoteni ukilala kwangu, mvua ikinyesha ni mvua yangu. Ukilala kwako, ni mvua yako. Umesikia, wewe?"

Nilielewa mvua zilipokuja. Barabara zikawa tope, hakuna mzigo unaotoka sokoni, na mikokoteni ikalala kwake. Yule mama hakutudai hata senti ya siku hizo. Alisema mkokoteni haujatoka kwake, basi haujafanya kazi, basi hakuna mtu anayemdai mwenzake.

Sasa nije kwa Wafula. Huyu ni mtoto wa dada yangu, anakaa Kibera, upande wa Soweto East, na mke wake Nafula na watoto wawili. Wafula anaendesha teksi za kuitwa kwa simu, gari la mtu, na petroli imemmaliza. Hilo silipingi. Nafula ni fundi wa uniform za shule. Cherehani yake aliinunua na pesa ya kufua nguo za watu, na mikono yake mpaka leo ina alama za sabuni. Wafula akikosa wateja, nyumba hiyo inakula kutoka kwa cherehani. Mimi nimekula hapo, najua.

Jumapili akanionyesha picha kwenye simu. Kagari keupe, kadogo, kazuri.

"Anko, cheki hii kitu. Ya stima. Petroli byebye! Unaweka deposit, unalipa kila wiki, bima iko ndani. Bei rahisi, hata wewe utashangaa."

"Deposit unatoa wapi?"

Nafula ndiye aliyenijibu, na sindano bado iko mdomoni: "Anko, anauza hii mashine. Ameshapata mtu."

Mwanangu, mimi sikatai gari la stima. Nimepanda moja hapo Ngong Road, linaenda kimya mpaka nikadhani limezima. Kuchaji kwake ni nafuu kuliko petroli, hiyo kila mtu anasema na mimi naamini. Lakini nikamuuliza kijana swali la Shosho.

"Litalala wapi?"

"Kwa kanisa. Pasta ni msee poa."

"Na kuchaji?"

"Hapa kwa plot. Si stima iko ndani ya rent? Ni free, Anko! Hapo ndio faida iko!"

Niliangalia mabati juu nisitukane mbele ya watoto. Plot hiyo ina waya mmoja unaopita juu ya mabati, unalisha vyumba vyote. Mwenye plot amekataza koili ya kupikia, amekataza pasi ya stima, kwa sababu ukiwasha moja watu wote wanabaki gizani. Na pale karibu na mguu wa Wafula palikuwa na pasi ya makaa, bado ya moto, ambayo Nafula ananyooshea uniform za watoto wa watu.

"Wafula," nikasema, "mke wako anapiga pasi na makaa kwa sababu stima ya hapa haiwezi kubeba pasi. Sasa wewe unataka ibebe gari?"

"Kuna charging station pia."

"Wapi?"

"Ziko tu. Tutajipanga."

Tutajipanga! Hilo neno nikilisikia damu inapanda. Vijana wa Nairobi wamelifanya kuwa chakula, kuwa rent, kuwa akili. Kituo kikiwa mbali, unaendesha kwenda huko bila abiria. Ukikuta foleni, unakaa. Linapochaji unakaa tena, na mteja anaita mwingine. Hayo masaa yote ni gharama, hata kama hakuna mtu anayekuomba risiti yake.

Jumatatu nikamlazimisha tukaenda pamoja mahali wanapokodisha hayo magari. Tukapokewa na kijana wa viatu vilivyochongoka, mwenye heshima sana. "Karibu mzee wangu, chai au maji?" Nikamwambia sijaja kunywa.

"Dereva akiugua," nikamuuliza, "gari likae wiki nzima, malipo ya hiyo wiki ni ya nani?"

"Ya mteja, mzee."

"Likiingia mtaroni liharibike?"

"Tunatengeneza. Inategemea spea imepatikana lini."

"Na siku za kungoja spea?"

"Malipo yanaendelea, mzee. Ndiyo mkataba."

"Akilipa mpaka mwisho, linakuwa lake?"

"Hapana, mzee. Hii ni kukodi. Mwisho anarudisha, akitaka anachukua jipya."

Wafula akageuka. "Zii! Si mlisema ni langu pole pole?"

"Boss, hiyo ni mpango nyingine. Iko juu kidogo."

Huyo kijana hakutudanganya, nisimsingizie. Alinijibu kila nilichouliza. Kilichonichoma ni kwamba hakuna hata moja ambalo angelisema bila kuulizwa, na mpwa wangu alikuwa ameshafika pale mara mbili akiuliza rangi.

Nilidhani imeisha. Njiani Wafula alitembea ameinamisha kichwa, nikafikiri anatubu. Kumbe anapiga hesabu ya kuendelea tu! Tulipofika Soweto East, mlangoni kulikuwa na mkokoteni. Mnunuzi wa cherehani amekuja na mtu wa kuibeba. Nafula ameketi juu ya meza ya mashine, miguu inaning'inia, amempakata mtoto mdogo, na anamwambia yule mnunuzi, "Ukitaka, ibebe na sisi juu."

"Shuka, mama watoto," Wafula akasema. "Nitakununulia ingine, ya stima."

"Stima ya wapi?" Nafula akamuuliza.

Nikamwambia mnunuzi aondoke. Wafula akanigeukia, macho mekundu. "Anko, wewe ulivuta mkokoteni maisha yako yote. Sasa unataka na mimi nivute?"

Hiyo iliingia. Sidanganyi, iliingia. Niliuangalia ule mkokoteni hapo nje, magurudumu yake, na mgongo wangu ukauma kama nimeusukuma jana. "Vuta unachotaka," nikamwambia, "lakini deposit yake isiwe mikono ya mke wako." Beseni la kufulia lilikuwa hapo mlangoni, na maji ya sabuni ndani. Sikufikiria. Nilimmwagia miguuni, viatu vyake vyeupe vikajaa povu, na plot nzima ikatoka kuangalia.

Tangu hapo Wafula hanisalimii. Tukikutana njiani nikienda kumwona dada yangu, anavuka upande wa pili. Inaniuma, kwa sababu nilimbeba mgongoni akiwa mdogo. Lakini nikifika kwenye kona ya choo cha kulipia, karibu na mlango wao, naisikia cherehani inalia trrr, trrr, napita nimetulia.

Basi wewe unayesoma, usingoje maji. Kabla hujakodi gari la stima, usianze na malipo ya wiki, hiyo ni bei ya mlangoni tu. Anza na pale litakapolala, waya utakaolilisha ni wa nani na kama unaweza kulibeba. Uliza siku lisipotembea nani analipa. Uliza mwisho wake linabaki kwako au linarudi kwao, uulize mbele ya mtu, ukiwa umeshiba, si ukiwa umelewa picha. Kodi la rafiki siku chache kwanza, ulione likichaji, ulione likipanda kilima na abiria wanne. Ukiona linakulipa, chukua, na mimi nitakuja kupanda nikiwa na suti. Lakini kile kinacholisha nyumba yako leo usikiuze kwa ajili ya kitu utakachorudisha kesho.

Mungu akupe kazi na gari la kuifanya, mwanangu. Akupe pahali pa kulilaza, na mtu nyumbani wa kukuuliza maswali magumu. Na mvua ikinyesha, isiwe yako peke yako.