Lori Lilipumzika Himo

Mume wangu aliendesha malori miaka ile ambayo kila mwenye uwezo alikuwa akiagiza magari ya mtumba kutoka Ulaya. Lori alilokabidhiwa lilikuja na kisaa kwenye dashibodi, chenye sindano iliyochora kwenye karatasi ya duara muda gari lilipotembea na muda liliposimama. Wamiliki wengi waliviacha visaa hivyo vife. Tajiri wake alikitengeneza, kwa sababu dereva wake mmoja alisinzia kwenye usukani akafia njiani. Akaweka sheria: ukishaendesha saa kadhaa unasimama, unalala, na ukirudi Moshi karatasi inatolewa na kukaguliwa. Ikionyesha hukupumzika, unakabidhi funguo.

Madereva walinuna. Walisema wanalazwa kama watoto wa chekechea. Mimi, niliyezoea kukesha chumbani kwetu Majengo nikisubiri mlango ugongwe, nilikipenda kisaa kile kuliko mchungaji wetu alivyopenda sadaka.

Desemba moja baba mkwe akatuma neno kutoka Mwika. Krismasi ikishapita, wanawe wote wakiwa nyumbani, angewagawia kihamba, lile shamba la ukoo la kahawa na migomba ambalo kwetu mtu huishi humo na huzikwa humo. Kila mtoto wa kiume angepanda isale kwa mkono wake mwenyewe, mmea wa majani marefu unaoonyesha mpaka. "Asiyekuwepo asije akanililia," alisema. Mume wangu ni wa katikati. Kwetu wa kwanza ana lake, wa mwisho ana nyumba ya wazazi, na wa katikati akizubaa anabaki anahesabu nyota. Na tajiri alikuwa amemtuma Dar kuchukua mzigo wa Arusha.

Nilipanda Mwika na watoto, roho juu. Asubuhi ya siku yenyewe shemeji zangu walishaanza utani.

"Shemeji, mwenzako kalazwa na saa huko Same?"

Nilicheka nao, jicho likiwa njiani. Baba mkwe alikuwa ameshika panga. Alitazama njia, akasema tunywe mtori kwanza.

Bakuli hazijaisha, mume wangu huyo akatokea kwenye migomba, viatu vimejaa vumbi. "Shikamoo, baba." Alikuwa ameegesha lori Himo, pale barabara ya Mwika inapochepuka, akadandia pikapu hadi juu. Nusura nimrukie. Akapewa kipande kizuri, juu kidogo ya mfereji, akapanda isale lake na kulishindilia kwa kisigino. Wanawake tukapiga vigelegele.

Alipokuwa ananawa mikono nikamuuliza alilala wapi.

"Lori linalala Himo," akasema, akicheka. "Kisaa kinaandika dereva amepumzika. Likimaliza kulala, nashuka, naenda Arusha."

Ndugu zake wakampigia makofi, mjanja huyo! Mimi nilimtazama macho. Yalikuwa mekundu kama buni zilizoiva. Hakuwa amefumba jicho tangu Dar. Hasira zikanipanda, na nyuma ya hasira hofu. Kumbe kile nilichokitegemea kilikuwa kinalijua lori, hakimjui mume wangu.

"Ingia ndani ulale," nikamwambia.

"Nitachelewa."

"Lala, nakwambia!"

"Mama watoto, usinitie aibu mbele ya watu."

Kwenye nyasi palikuwa na masale yaliyobaki. Nikachuma jani moja, nikapiga magoti mbele yake, nikampa kwa mikono miwili. Jani la isale kwetu hushikwa na mtu anayeomba jambo zito. Waliotukana wazazi, ndugu waliomwagana damu, ndio huja nalo kuomba msamaha, na ukiletewa hukatai. Hakuna aliyewahi kuona mwanamke analitoa kwa ajili ya usingizi.

"Sasa huyu amekosa nini?" shemeji mkubwa akauliza.

"Sijakosa," nikasema. "Namwomba uhai wake."

Mume wangu alimgeukia baba yake. Baba yake akageukia mibuni, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Basi akalipokea jani, akaingia ndani, akajitupa kitandani kwa mama yake na viatu vyake miguuni. Kabla sijamfungua kamba alikuwa anakoroma.

Aliamka jua limeshainama, akatoka mbio akitafuta funguo, amevimba kwa hasira.

"Umenichelewesha! Tajiri akinifukuza, tutakula isale?"

Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na furaha ambayo sikutaka aione. Baba mkwe ndiye aliyejibu, huku akifuta udongo kwenye panga.

"Mwanangu, nimekupa shamba ulime. Kuzikwa utazikwa humo humo, ila leo sijawaita watu waje kuchimba."